Kufundisha wanafunzi kueleza mwendo: kanuni ubaoni, vifuniko uwanjani, tepu ya nukta au video ya simu?

Mwalimu anayefika kwenye mada ya mwendo, awe anafundisha Sayansi darasa la sita na la saba au Fizikia kidato cha kwanza na cha pili, hukuta njia nne mbele yake. Anaweza kuandika kanuni ubaoni na kutoa maswali ya kukokotoa. Anaweza kuwatoa wanafunzi uwanjani wakapime wenzao wanaotembea na kukimbia, kwa saa au kwa vifuniko vya soda vinavyodondoshwa njiani. Anaweza kutumia mashine inayopiga nukta kwenye tepu ya karatasi, ile ambayo walimu wengi huiita tika-taima. Au anaweza kurekodi video kwa simu na kuitazama picha moja baada ya nyingine. Kwa jina, njia zote nne hufundisha jambo moja, lakini hazimwachii mwanafunzi kitu kile kile kichwani, na kwa kuwa vipindi vya dakika 40 huisha haraka na madarasa yetu yamejaa, inafaa kuzilinganisha kwa makini kabla ya kuchagua.

Nianze na kipimo nitakachokitumia. Mwanafunzi aliyeelewa mwendo anaweza kukitazama kitu kinachosogea na kusema kilikuwa wapi, kuanzia mahali gani palipotajwa, ilipotimia sekunde ya ngapi, kilielekea upande upi, na kama kilikuwa kinaongeza kasi, kinaipunguza au hakiibadilishi. Mwanafunzi anayesema tu kwamba "basi lilikuwa linakimbia sana" bado hajaeleza mwendo, na kwa maoni yangu hata yule anayeandika "mita 20 kwa sekunde" bila kujua wapi na lini hajaueleza bado. Kwa hiyo, kila njia nitaipima kwa swali hili: je, inamlazimisha mwanafunzi kufungamanisha mahali na muda, au inamruhusu kulikwepa jambo hilo?

Kuna pia suala la maneno, ambalo linagusa njia zote nne. Katika Dar es Salaam, neno "mwendokasi" limekuwa jina la mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, na mtoto anayepita Kimara kila siku akilisikia darasani huona basi kabla ya kuona kipimo. Neno "kasi" lenyewe, katika mazungumzo ya kawaida, lina maana ya kwenda haraka, hivyo mtoto hushangaa akiambiwa kwamba kobe naye ana kasi. Lakini neno lenye mtego mkubwa zaidi ni "sawa". Mpanda baiskeli anapomfikia anayekimbia na kuanza kumpita, watazamaji wote husema "sasa wako sawa", na kweli wako sawa, ila ni sawa kwa mahali, si kwa kasi, kwa maana kama kasi zao zingekuwa sawa asingeweza kumpita. Hili si tatizo la Kiswahili peke yake. Mwaka 1980 David Trowbridge na Lillian McDermott wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza jinsi wanafunzi wa chuo walivyotazama mipira miwili ikibingirika na baadhi yao kudai kwamba kasi zilikuwa sawa pale mipira ilipokuwa ubavu kwa ubavu. Ikiwa wanafunzi wa chuo walikosea hivyo, mwalimu wa watoto wa miaka 13 hana budi kuchagua njia itakayoliweka kosa hilo hadharani na kulisahihisha.

Kanuni ubaoni

Njia hii ina faida ambazo si haki kuzidharau. Haihitaji kifaa chochote, hutosha kwa kipindi kimoja, na huwafikia wanafunzi 80 kwa wakati mmoja. Mwalimu anaandika kwamba kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda, anatoa mfano, na wanafunzi wanakokotoa. Tuchukue mfano unaotuhusu: tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia. Muda huo ni sekunde 212.2, na ukigawanya unapata takriban mita 7.07 kwa sekunde. Darasa zima litapata jibu hilo, na mwalimu ataweka alama za vema.

Muulize sasa mmoja wao kama Bayi alikuwa na kasi hiyo hiyo alipotoka kwenye mstari wa kuanzia, ambapo alikuwa amesimama. Muulize kama mstari wa kuanzia na wa kumalizia vilikuwa mahali pamoja, ilhali mzunguko mmoja wa uwanja ni mita 400 na mbio hizo ni mizunguko mitatu na robo tatu. Mara nyingi huja kimya, kwa sababu kanuni ilihitaji namba mbili tu na haikuhitaji kumwona mtu akikimbia. Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya kuanza na kanuni: inampa mwanafunzi wastani kabla hajajua ni wastani wa nini. Tofauti kati ya umbali uliotembewa na umbali wa moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na mwelekeo wake, hukaririwa kama tafsiri mbili za daftarini, na baada ya mtihani husahauliwa.

Kanuni ina mahali pake, nami nitafika hapo. Kwa kuanzia, naiona njia dhaifu kuliko zote nne, ingawa ndiyo inayotumiwa zaidi.

Vifuniko uwanjani

Kwenye njia hii nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo ninayoipendekeza kwa mwalimu mwenye darasa kubwa na kabati tupu. Kuna namna mbili za kuifanya, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni kupanga wapima muda. Unapima mita 50 kwa futikamba, unaweka alama kila baada ya mita 10, na kila alama wanasimama wanafunzi wawili wenye saa za kupimia sekunde. Mwanafunzi mmoja anaangusha kitambaa, wote wanaanzisha saa kwa pamoja, na kila mmoja anasimamisha yake mkimbiaji anapopita mbele yake. Hebu tuchukue mkimbiaji aliyepita alama hizo kwa sekunde 2.3, 3.8, 5.2, 6.6 na 8.1. Wastani wake kwa mita zote 50 ni mita 6.2 kwa sekunde. Lakini ukitazama kila mita 10 peke yake, unaona takriban 4.3 katika sehemu ya kwanza, kisha 6.7, halafu 7.1 mara mbili, na mwishoni 6.7 tena alipoanza kuchoka. Hakuna sehemu hata moja kati ya hizo tano yenye 6.2! Mwanafunzi anayeliona jambo hilo kwa namba za mwenzake anaelewa maana ya wastani kwa namna ambayo ubao hauwezi kumpa.

Udhaifu wa namna hii ni vidole. Mtu huchukua karibu sehemu mbili za kumi za sekunde tangu aone hadi abonyeze, na wengine hubonyeza mapema kwa kubahatisha. Anayetembea mita 10 kwa sekunde 7 huathirika kidogo na kosa la sekunde 0.2, kwani ni kama asilimia 3 tu, lakini anayekimbia mita hizo kwa sekunde 1.4 huathirika kwa asilimia 14. Hivyo anza na kutembea. Walimu wengi huwakimbiza wanafunzi kwa sababu mbio zinasisimua, kisha hushangaa namba zinapokataa kukaa sawa. Tatizo jingine ni kwamba shule nyingi hazina saa kumi za kupimia sekunde, na nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu.

Namna ya pili inahitaji saa moja tu, nayo ndiyo ninayoipenda. Mwanafunzi mmoja anatazama saa na kupiga makofi kila baada ya sekunde 2. Anayetembea amebeba vifuniko vya soda vilivyoandikwa namba, kuanzia sifuri, na kila kofi linapolia anadondosha kimoja. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huacha kifuniko kila baada ya karibu mita 2.8, akiharakisha nafasi zinatanuka, akijikokota zinabanana. Kama vifuniko vinabingirika, shona vifuko vidogo vya mchanga, ambavyo hutulia vinapoangukia. Kwa mwenye kukimbia, makofi yawe kila sekunde 1. Mwishoni, mtu ameondoka lakini mwendo wake umebaki ardhini, darasa zima linaweza kuuzunguka, kuupima kwa futikamba na kubishana juu yake.

Mabishano hayo ndiyo somo. Niliwahi kumpa mwanafunzi maelekezo ya siri kabla hajaanza: atembee, asimame kidogo, kisha arudi nyuma kwa haraka. Wenzake waliletwa baadaye, wakakuta vifuniko tu. Namba 6, 7 na 8 zilikuwa zimelala pamoja, karibu kugusana. Wengi wakasema alisimama sekunde sita, kwa kuwa vifuniko ni vitatu na kila kimoja ni sekunde mbili. Msichana mmoja alichuchumaa, akaweka kidole kati ya namba 6 na 7, kisha kati ya 7 na 8. "Mwalimu, ni nne," alisema. "Muda uko kwenye nafasi, hauko kwenye kifuniko." Kisha akanyanyua macho na kuona kwamba namba 9 ilikuwa upande ule alikotoka mwenzake, na bila kuulizwa akasema kwamba alirudi, tena kwa kasi kuliko alivyokwenda. Katika dakika zile aliutaja mwendo kwa mahali, muda, mwelekeo na badiliko la kasi, na hakuna kanuni iliyokuwa imeandikwa popote.

Kutoka hapo kwenda kwenye grafu ni hatua fupi. Umbali wa kila kifuniko kutoka kwenye mti uliochaguliwa kuwa mahali pa kuanzia kupimia unaandikwa kwenye jedwali, muda unakaa kwenye mhimili wa mlalo na umbali kwenye mhimili wa wima. Hapa mwalimu ajiandae kwa kosa linalojirudia kila mwaka: wanafunzi huisoma grafu kama picha ya njia. Mstari unaopanda wanauita kilima, mstari wa mlalo wanasema ni mahali tambarare alipotembea vizuri. Mwenye vifuniko ardhini ana dawa ya hapo hapo, kwani anawarudisha kwenye namba 6, 7 na 8 na kuwauliza kama pale kuna uwanda wowote au ni mtu aliyesimama. Mstari wa mlalo unapata maana yake sahihi, na mteremko mkali wa grafu unahusishwa na nafasi pana za vifuniko, si na mlima.

Mtego wa "sawa" nao huvunjika hapa. Wanafunzi wawili watembee sambamba, mmoja akiwa ametangulia na akienda polepole, mwingine akitokea nyuma kwa haraka, wote wakidondosha vifuniko kwa makofi yale yale, vya mmoja vikiwa vyekundu na vya mwingine vya buluu. Pale anapompita, vifuniko vyao viko karibu, lakini nafasi kabla na baada ya hapo zinaonyesha wazi nani alikuwa na kasi kubwa zaidi.

Gharama yake ni muda na nidhamu. Inachukua vipindi viwili, na darasa la wanafunzi 70 lazima ligawanywe katika makundi yenye kazi zinazojulikana, la sivyo nusu watacheza. Mvua ikinyesha hakuna somo. Nayo haipimi mchapuko kwa usahihi wa kuridhisha, yaani jinsi kasi inavyobadilika katika kila sekunde, bali huuonyesha tu.

Wapo wanaotumia chupa iliyotobolewa, ikining'inizwa kwenye baiskeli ili matone yaweke alama yenyewe. Kwenye lami au sakafu ya saruji inapendeza, lakini udongo mkavu hunywa matone, na matone huchelewa kadiri maji yanavyopungua ndani ya chupa, hivyo nafasi hutanuka hata baiskeli isipobadilisha kasi. Vifuniko vinaaminika zaidi.

Tepu ya nukta

Ukishaona vifuniko, tika-taima haikuogopeshi tena, kwa kuwa ni vifuniko vile vile vilivyofanywa vidogo na vya haraka. Mashine huunganishwa kwenye umeme wa volti ndogo unaobadilika mwelekeo, na kwa kuwa umeme wetu wa Tanzania, kama wa Kenya, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, sindano yake hugonga mara 50 kila sekunde kupitia karatasi ya kaboni. Muda kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02, na nafasi tano ni sekunde 0.1. Toroli linaloteremka kwenye ubao ulioinamishwa huivuta tepu, na nukta huanza zikiwa zimesongamana kisha zikatawanyika.

Kwa usahihi, njia hii inaishinda ya uwanjani bila ubishi. Tuseme vipande vinne vinavyofuatana, kila kimoja cha nafasi tano, vina urefu wa sentimita 1.2, 2.0, 2.8 na 3.6. Kasi za wastani ni sentimita 12, 20, 28 na 36 kwa sekunde, ongezeko ni 8 katika kila sekunde 0.1, hivyo mchapuko ni sentimita 80 kwa sekunde kwa sekunde, au mita 0.8. Vipande hivyo vikikatwa na kubandikwa kando kwa kando kwenye daftari, vyenyewe vinakuwa grafu ya kasi dhidi ya muda, na mwanafunzi ameichora kwa mkasi na gundi. Sijui njia nzuri zaidi ya kumfikisha mtoto kwenye mchapuko. Zaidi ya hayo, maswali ya tepu hutokea katika mitihani ya sekondari, na aliyeishika kwa mkono wake huyajibu kwa utulivu.

Udhaifu wake ni kwamba mashine ni ghali, umeme hukatika, na shule ikiwa na mashine moja, wanafunzi wanne wanafanya na wengine wote wanatazama migongo. Watoto wa darasa la sita pia hupotea: wanahesabu nukta badala ya nafasi, na hawajui ncha ipi ya tepu ilitangulia. Yule aliyekwisha kubishana kuhusu vifuniko 6, 7 na 8 hafanyi kosa la kwanza. Kwa la pili, mwagize aandike neno "mwanzo" kwenye ncha iliyofungwa kwenye toroli, kabla hajaikata.

Video ya simu

Simu moja ya mwalimu inatosha kwa njia hii. Video ya kawaida huwa na picha 30 kwa sekunde, na ukiisogeza picha moja moja unapata mahali pa kitu kila baada ya takriban sekunde 0.033. Ubora wake unaonekana kwa vitu ambavyo macho na vidole haviwezi kuvifuata. Mpira ulioachiwa kutoka kimo cha mita 1.25 hufika chini kwa karibu nusu sekunde, muda ambao kwa saa ya mkononi hauna maana yoyote, lakini video hukupa picha 15 hivi za mpira ule ukishuka. Simamisha rula ya mita kando ya njia ya mpira, umbali ule ule kutoka kwenye simu, weka simu mbali kidogo na isiyotikisika, na rekodi nje penye mwanga, kwa kuwa simu nyingi hupunguza idadi ya picha penye giza. Zipo pia programu za bure, kama Tracker ya kompyuta, inayoweka alama kwenye kila picha na kuchora grafu, na phyphox ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayoweza kupima muda kati ya makofi mawili kwa kutumia kipaza sauti cha simu.

Naiweka chini ya vifuniko kwa wanaoanza, kwa sababu moja. Programu inapochora grafu yenyewe, mwanafunzi hupokea mstari uliokamilika na hurudi kwenye kosa la kuuona kama picha. Kama huna projekta, wanafunzi 60 pia hawawezi kuona kioo cha simu moja. Lakini makundi madogo yakipewa nafasi ya kuweka alama za mpira kwenye karatasi ya plastiki angavu iliyolazwa juu ya kioo, picha baada ya picha, kazi inakuwa ya mikono yao tena, na faida yote inarudi.

Uchaguzi kwa hali mbalimbali

Kwa darasa la sita na la saba, chagua vifuniko na usiwe na haraka ya kufika kwenye mchapuko. Kwa kidato cha pili katika shule yenye umeme na mashine, anza na kipindi kimoja cha vifuniko, kisha vipindi viwili vya tepu, na video uiweke kwa ajili ya vitu vinavyoanguka. Kanuni iingie wakati wanafunzi wenyewe wamechoka kurudia "sentimita nyingi kwa muda mfupi" na wanahitaji njia fupi ya kuandika. Hapo ndipo pia pa kufundisha kwamba kilomita 160 kwa saa, kasi ambayo treni yetu ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro imejengewa uwezo wa kuifikia, ni takriban mita 44 kwa sekunde, na kuwauliza kwa nini safari nzima haiwezi kuwa na wastani huo huo ilhali treni husimama stesheni.

Na kwa mwalimu aliye na vipindi viwili tu, wanafunzi 70 na saa yake ya mkononi, pendekezo langu ni hili: kipindi cha kwanza makundi saba ya wanafunzi kumi, kila kundi na vifuniko 12 na njia ya mita 30, makofi yakipigwa na mwalimu mwenyewe kwa uwanja mzima ili saa moja itoshe wote. Kila kundi limpe mtembeaji wake maelekezo ya siri yaliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Kundi jirani lisome vifuniko hivyo na kuandika sentensi tatu zenye mahali, sekunde na mwelekeo, kisha karatasi ifunguliwe na sentensi zilinganishwe na maelekezo. Kipindi cha pili ni cha jedwali, grafu na kanuni, kwa namba walizokusanya wenyewe.